Rejuleta za shanti zenye kelele ndogo kwa vifaa vya sauti ya dijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rejuleta ya shanti ni nini, na inatofautianaje na ile ya kawaida?

Rejuleta tulizozizoea, kama 7805 na LM317, hukaa njiani kati ya chanzo cha umeme na mzigo. Zinafanya kazi ya koki: mzigo ukitaka mkondo zaidi koki inafunguka, ukitaka kidogo inajibana. Rejuleta ya shanti haikai njiani. Inakaa sambamba na mzigo, kati ya waya chanya na graundi, na nyuma yake kuna kitu kinachosukuma mkondo usiobadilika. Katika saketi rahisi kitu hicho ni rezista tu. Katika saketi nzuri ni chanzo cha mkondo thabiti kilichojengwa kwa transista. Mkondo wote unaoingia lazima upate pa kwenda. Mzigo unachukua unachohitaji, kinachobaki kinamezwa na shanti. Mzigo ukiongeza miliampea 5, shanti inapunguza miliampea 5 palepale, na transfoma huko nyuma haihisi chochote.

Shikilia hilo la transfoma kutohisi chochote. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inatoka hapo.

Kwa nini nijenge kitu kinachopoteza umeme kwa makusudi?

Kwa sababu ya njia ambayo mkondo wa mzigo unapita. Chipu ya dijitali haivuti umeme kwa utulivu. Saa ya fuwele (kijenzi kinachotoa mapigo ya kuiongoza chipu) ya 22.5792 MHz au 24.576 MHz, zile mbili zinazotumika sana kwa familia za 44.1 kHz na 48 kHz, inakata na kuachia mkondo mamilioni ya mara kwa sekunde. Kwa rejuleta ya kawaida, kila mabadiliko ya mkondo ambayo kapasita za karibu hazikuyamaliza yanarudi nyuma: yanapita kwenye rejuleta, kwenye kapasita kubwa za kuchujia, na kurudi kwa waya wa graundi ambao huenda unatumiwa pia na upande wa analogi. Graundi hiyo si sifuri kamili. Ina ukinzani wake na indaktansi yake, kwa hiyo mkondo unaopita humo unaacha volteji, na volteji hiyo inaingia kwenye sauti.

Kwa shanti, mzunguko wa mkondo unaobadilika ni mdogo: kutoka kwenye mzigo hadi kwenye shanti na kurudi. Ukiweka shanti sentimita mbili kutoka kwenye chipu, mzunguko huo unaishia hapo. Chanzo cha mkondo thabiti kinafanya kazi ya mlango kwa pande zote mbili. Takataka za transfoma na dayodi hazipiti kuja mbele, na takataka za chipu hazipiti kurudi nyuma. Rejuleta ya kawaida inaweza kuwa hodari sana katika kazi ya kwanza, lakini katika ile ya pili haikusaidii sana.

Je, ninaihitaji kila mahali ndani ya kifaa changu?

Hapana, na hapa ndipo wajenzi wengi wanapoteza pesa na bati la kupozea. Shanti inafaa panapokuwa na mkondo mdogo, usiobadilika sana kwa wastani, na mzigo unaodhurika kirahisi. Sehemu hizo ni mbili hasa: saa ya fuwele, na pini ya rejea ya chipu ya DAC, yaani chipu inayogeuza namba kuwa sauti.

Pini ya rejea inastahili maelezo zaidi. Sauti inayotoka kwenye DAC ni namba iliyozidishwa kwa volteji ya rejea. Kelele ikiwa kwenye rejea, inazidishwa pamoja na muziki; chipu haina namna ya kuikataa. Chukua mawimbi ya milivolti 1 juu ya rejea ya volti 3.3: hiyo ni sehemu moja kwa 3,300, karibu desibeli 70 chini ya muziki. Kwa kifaa kinachodai kufikia desibeli 120, hilo ni pengo kubwa mno. Kinachowachanganya watu ni kwamba kelele hiyo inapanda na kushuka pamoja na muziki. Ukipima kifaa kikiwa kimya unaweza usiione kabisa, ukaridhika, kumbe ipo. Kwenye ES9018, kwa mfano, pini zinazoitwa AVCC zinaonekana kama umeme wa kawaida wa analogi, lakini kwa kweli ndizo rejea. Zipe rejuleta yao zenyewe.

Upande wa kupokea data, chipu za USB, skrini ndogo na vitufe: weka rejuleta ya kawaida na uendelee na kazi nyingine.

Kelele ya umeme inaiharibuje saa?

Saa inatakiwa kugonga kwa vipindi vilivyo sawa kabisa. Volteji inayoiendesha ikitikisika, wakati wa kugonga unatikisika kidogo pia. Huo mtikisiko wa wakati ndio wataalamu wanauita jita. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Kwa sauti ya 20 kHz yenye nguvu kamili, ukitaka kufikia desibeli 98 za biti 16, jita ya nasibu isizidi takriban pikosekunde 100. Kila desibeli 20 unazoongeza juu ya hapo zinahitaji jita igawanywe kwa 10.

Saa nyingi za kisasa zina jita iliyo chini sana ya hapo zikilishwa umeme safi. Tatizo ni kelele ya masafa ya chini, hertzi chache hadi kilohertzi chache, ambayo kapasita ndogo za karibu na pini haziwezi kuizuia. Hapo ndipo rejuleta yenyewe inapaswa kuwa kimya.

Nianze na saketi gani?

Anza na TL431, chipu ndogo yenye rejea ya volteji ndani yake, kama shanti, transista moja na LED moja nyekundu kama chanzo cha mkondo. Nitachukua mfano wa saa inayotumia volti 3.3 na miliampea 20, ikilishwa kutoka kwenye volti 9 zilizokwisha kudhibitiwa na 7809.

Chanzo cha mkondo: transista ya PNP kama BD140, yenye miguu mitatu: emita, beisi na kolekta. Emita inaunganishwa na volti 9 kupitia rezista ya ohm 22. LED nyekundu inakaa kati ya volti 9 na beisi, na rezista ya kilohm 2.2 inatoka beisi kwenda graundi ili LED iwake kwa miliampea 3 hivi. LED nyekundu inashika karibu volti 1.8, beisi na emita zinachukua karibu 0.65, zinabaki 1.15 juu ya ohm 22, nazo zinatoa miliampea 52. Kuna uzuri mwingine hapa: volteji ya LED na ile ya beisi-emita zote zinashuka kwa karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo zinafutana na mkondo haupotei njia kifaa kikipata joto.

Shanti: TL431 kutoka kwenye kolekta ya BD140 kwenda graundi. Rejea yake ya ndani ni volti 2.495. Weka ohm 330 kati ya pini ya juu (katodi) na pini ya rejea, na ohm 1,000 kati ya pini ya rejea na graundi. Utapata volti 3.32. Kwa volti 5, rezista mbili zilizo sawa zinatosha: volti 4.99.

Sasa gawa mkondo. Zimeingia miliampea 52. Saa inachukua 20, rezista za kugawa volteji 2.5, zinabaki karibu 29 kwa TL431. Kiwango chake cha chini ni miliampea 1 na cha juu 100, kwa hiyo imekaa pazuri. BD140 inapoteza takriban wati 0.24, haihitaji bati la kupozea.

Kuna rezista moja naomba usiipuuze. Igawe ile ya kilohm 2.2 kuwa mbili za kilohm 1.1, na kutoka katikati yake unganisha kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda kwenye volti 9, si kwenye graundi. Mawimbi ya volti 9 yakipanda na kushuka, sehemu hiyo ya katikati inapanda na kushuka nayo, LED inabaki na mkondo uleule, na chanzo chako kinakuwa kigumu zaidi. Gharama yake ni rezista moja na kapasita moja.

Kwa nini nisitumie LM317 kama chanzo cha mkondo? Ni rezista moja tu.

Unaweza. Mkondo ni 1.25 ukigawanya kwa rezista: ohm 24 zinatoa miliampea 52. Shida ni mbili. Kwanza inahitaji nafasi: volti 1.25 za rezista pamoja na takriban volti 2 au zaidi za chipu yenyewe. Pili, inafanya kazi yake kwa mrejesho wa ndani, na mrejesho huo unachoka masafa yanapopanda. Kwa mawimbi ya 100 Hz au 120 Hz ya umeme wa ukutani ni imara. Kwa takataka za megahertzi ni kama mlango ulio wazi. Transista na LED havitegemei mrejesho wa aina hiyo.

Anayetaka zaidi atatumia mosfeti ya DN2540, ambayo inapitisha mkondo bila kuhitaji volteji ya kuiwasha, mbili zikipandana. Ni nzuri sana ukiwa na volti za kutosha za kupoteza.

TL431 ina kelele. Si ndiyo tunayoikimbia?

Ni kweli. TL431 si kimya kama LED wala kama rejea ya LM329 ya volti 6.9. Tena ukiipandisha kutoka 2.5 hadi volti 5, kelele yake nayo inazidishwa mara mbili. Na huwezi kuichuja, kwa sababu rejea imefungiwa ndani ya chipu pamoja na kikuza makosa.

Hatua inayofuata ni kuvitenganisha. Chukua rejea ya kimya, LM329 au LED kadhaa zikifuatana, na uilishe mkondo thabiti. Pitisha volteji yake kwenye rezista ya kilohm 10 na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda graundi. Kichujio hicho kinaanza kazi kwenye 0.16 Hz, kwa hiyo kelele ya rejea katika masafa yote ya kusikika inabaki nje. Opampu, yaani chipu inayokuza tofauti kati ya volteji mbili, inalinganisha rejea hiyo iliyochujwa na volteji ya kutoka, kisha inaendesha transista au mosfeti ambayo ndiyo shanti halisi. Opampu yenyewe ilishe kutoka upande wa kutoka, yaani umeme uliokwisha kusafishwa.

Mambo matatu ya kuangalia. Volteji itachukua sekunde kadhaa kupanda, maana kapasita inajaa polepole kupitia kilohm 10. Chagua kapasita isiyovujisha: mikroampea 1 inayovuja juu ya kilohm 10 inakuhamishia milivolti 10. Na rezista za kugawa volteji ziwe ndogo, kwa sababu rezista nayo hutoa kelele: kilohm 1 hutoa takriban 4 nV/√Hz (nanovolti kwa kila mzizi wa hertzi, kipimo cha kelele), kilohm 10 karibu 13. Hakuna maana kununua opampu ya 1 nV/√Hz kisha kuilisha kupitia rezista ya kilohm 47.

Zena ya kawaida haitoshi?

Zena ni dayodi inayoshika volteji maalumu. Kwa rejea ya kimya, hapana. Zena za zaidi ya volti 6 hivi zinafanya kazi kwa mporomoko wa elektroni, na mporomoko huo una kelele nyingi. Zile za chini ya volti 5 zina kelele ndogo zaidi lakini hazishiki volteji kwa uthabiti. Hata hivyo iwekee zena nafasi kwenye bodi, nitaeleza chini.

Kapasita gani niweke kwenye sehemu ya kutoka?

Swali hili linaharibu rejuleta nyingi kuliko yote, kwa sababu tumezoea kwamba kapasita ikiongezwa mambo yanakuwa mazuri. Rejuleta yenye mrejesho inaweza kugeuka kuwa kitu kinachojitetemesha chenyewe. TL431 ina eneo lake la hatari: kapasita ya nanofaradi chache hadi mikrofaradi chache inaweza kuitia wazimu, hasa ikiwa ni ya seramiki isiyo na ukinzani wa ndani. Ama iache bila kapasita karibu, ama iwekee ya elektroliti ya mikrofaradi 47 au 100, ambayo ina ukinzani kidogo wa kutuliza.

Lakini chipu yako inadai seramiki ya nanofaradi 100 kwenye kila pini ya umeme, na haina mzaha. Iweke. Wewe uchunge kinachotokea kati ya hiyo seramiki na rejuleta. Waya wa sentimita 10 una indaktansi ya karibu nanohenri 100. Pamoja na nanofaradi 100 za seramiki, unapata kengele inayolia kwenye 1.6 MHz. Dawa yake ni kapasita ya elektroliti yenye ukinzani wa ndani wa karibu ohm 1, sambamba na seramiki, palepale kwenye chipu. Ukinzani ule ambao wauzaji wanausema kama kasoro ndio unaoizima kengele.

Niiweke rejuleta umbali gani kutoka kwenye chipu?

Karibu kadiri bodi inavyoruhusu. Nililieleza hili mwanzoni, nalirudia kwa sababu ndilo ninaloona likipuuzwa zaidi: mtu anajenga shanti ya daraja la juu kwenye bodi yake, anaifunga ukutani mwa kasha, kisha anavuta waya wa sentimita 20. Kwenye 10 MHz, sentimita 10 tu za waya ni takriban ohm 6. Ukinzani wa miliohm chache alioupigania kwenye bodi haupo tena pale chipu ilipo. TL431 ya kawaida iliyo sentimita mbili kutoka kwenye saa ni bora kuliko saketi ya opampu iliyo sentimita 20.

Chanzo cha mkondo kinaweza kukaa mbali, pamoja na joto lake. Waya wake unabeba mkondo usiobadilika na hauna madhara. Shanti pekee ndiyo inayopaswa kukaa na mzigo. Rejuleta za kawaida hazikupi uhuru huo wa kuligawa joto.

Ukishindwa kabisa kuikaribisha, tumia waya nne: mbili za mkondo, na mbili nyembamba za kunusa volteji, zikianzia kwenye pini za mzigo na kurudi kwenye rejea na graundi ya rejuleta. Zisokote mbilimbili. Hilo linasaidia masafa ya chini tu.

Niupange mkondo kiasi gani?

Chukua mkondo wa juu kabisa wa mzigo, ongeza miliampea 20 hadi 50. Usipange kwa wastani. Mzigo ukihitaji kuliko chanzo kinavyotoa, shanti inakaukiwa, volteji inaanguka, na udhibiti wote unaisha ghafla. Kuzidisha mno nako ni joto la bure.

Joto lihesabu mara mbili: mzigo ukiwapo na mzigo ukiwa umechomolewa. Mfano, volti 12 kuingia, volti 5 kutoka, miliampea 200. Chanzo cha mkondo kinapoteza wati 1.4 wakati wote. Shanti inapoteza wati 0.5 ikiwa mzigo unachukua miliampea 100, lakini wati 1 kamili mzigo ukichomolewa. Transista ya umbo la TO-220 bila bati hupanda nyuzi 60 hivi kwa kila wati, kwa hiyo chanzo hapa kinahitaji bati na shanti nayo wekea dogo. TL431 peke yake haiwezi miliampea 200. Iongezee transista ya PNP ya kumeza mkondo kwa niaba yake.

Je, ni salama kwa chipu yangu ya bei?

Kwa upande mmoja ni salama kuliko zote: ukigusanisha waya wa kutoka na graundi, mkondo hauzidi ule wa chanzo, na hakuna kinachoungua. Kwa upande mwingine ina hatari yake. Shanti ikikatika, labda mguu haukushika risasi vizuri, chanzo kinaendelea kusukuma na volteji inapanda kuelekea volti 9 au 12 za nyuma. Chipu ya 3.3 haitaishi. Kwa hiyo zena niliyoiahidi: kwa laini ya volti 5, zena ya 5.6 yenye uwezo wa kubeba mkondo wote wa chanzo, sambamba na kutoka. Katika hali ya kawaida imelala.

Na usiwahi kuwasha kwa mara ya kwanza ikiwa na chipu. Kwa mfano wetu, weka rezista ya ohm 150 mahali pa saa, inachukua miliampea 22. Pima volteji. Chomoa rezista, pima tena. Tofauti iwe milivolti chache. Acha iwake nusu saa, gusa kwa uangalifu kilicho moto, pima mara ya tatu. Ndipo ufunge saa.

Nitajuaje kama inajitetemesha?

Osiloskopu, kwa probu ya mara 10 na waya mfupi sana wa graundi. Kama huna, dalili zipo: kitu kinapata moto kuliko hesabu, au multimita inabadilisha jibu ukisogeza kidole karibu na waya. Redio ya masafa ya kati ikiwekwa karibu na saketi nayo husaidia. Ikipiga filimbi au kunyamaza kwenye sehemu fulani ya masafa na kurudi hali yake ukizima rejuleta, umempata mhalifu.

Ninapimaje kelele ya mikrovolti chache?

Multimita haitoshi. Jenga kikuza kidogo cha mara 1,000 kinachotumia betri, chenye kapasita mlangoni ya kuzuia volteji ya moja kwa moja, ukifungie ndani ya kopo la chuma. Mikrovolti 5 zinakuwa milivolti 5, ambazo kadi ya sauti ya kompyuta inaziona vizuri. Kabla ya kupima chochote, gusanisha mlango wake na graundi uone kelele yake mwenyewe. Usipofanya hivyo utakuwa unapima kikuza, si rejuleta.

Nina volti 5 za USB. Naweza kupata 3.3 kwa shanti?

Kwa shida. Una volti 1.7 tu za kuchezea. Chanzo cha LM317 hakitoshi. Kile cha LED na transista kinahitaji volti 1.15 za rezista na takriban 0.3 za transista, kwa hiyo kinapita kwa kubanana, na USB ikishuka hadi 4.75 unabaki bila chochote. Tafuta volti 7 au zaidi.

Chipu za rejuleta za kisasa kama LT3042 zina kelele ya mikrovolti 0.8. Shanti bado ina maana?

Kwa kelele tupu, LT3042 inaishinda TL431 kwa mbali, na inashinda saketi nyingi za opampu zilizojengwa mezani. Sioni sababu ya kulificha hilo. Kama unataka kifaa kimalizike wiki hii, nunua bodi yake, iweke karibu na chipu, nawe utakuwa umefanya vizuri. Kinachobaki upande wa shanti ni ule mzunguko mdogo wa mkondo na mlango unaofunga pande zote mbili. Mimi kwenye saa ninaziunganisha: LT3042 nyuma kama chanzo safi, kisha chanzo cha mkondo, kisha shanti ndogo kwenye saa yenyewe.

Na volteji hasi?

Chipu za DAC za zamani kama TDA1541A zinataka +5, −5 na −15. Unaweza kuigeuza saketi yote kama kwenye kioo, PNP kuwa NPN, ila TL431 haigeuki kirahisi. Njia nyepesi: transfoma yenye mizingo tofauti. Jenga rejuleta zote zikiwa chanya, kila moja na mzingo wake na dayodi zake, kisha unganisha na graundi upande chanya wa kila moja inayotakiwa kutoa volteji hasi.

Betri je?

Betri ya LiFePO4 inakaa karibu volti 3.2 hadi 3.3, ina kelele ndogo na haina uhusiano na umeme wa ukutani, kwa hiyo inavutia kwa saa. Lakini waya wake una indaktansi ileile, na volteji inashuka chaji inapoisha. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri, kabla ya kitu kingine chochote.